Matanga ya Ghislain Yamekwama

Likasi, Septemba

Rafiki yangu mpendwa Stéphane,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Natumaini goti lako limetulia na wajukuu huko Kalemie wanakutii. Mimi ni mzima, ila shingo inanisumbua kwa sababu ya kola mpya, jambo nitakalolieleza mahali pake.

Jumamosi tulikusanyika kumaliza matanga ya Ghislain, yule fundi umeme tuliyemzika mwaka jana. Mjane wake, Mama Arlette, alikuwa tayari kuvuliwa nguo nyeusi, kazi ambayo ni ya wakwe tu. Maji ya kumwogesha yalikwisha kuwekwa, mbuzi alikwisha kuiva. Ndipo binti yao Orpha alipopiga simu kutoka Liège, mwenye furaha tele.

Orpha yuko katika kampuni inayokuza seli za binadamu ili dawa zijaribiwe juu ya seli hizo. Alitukumbusha kwamba baba yake, alipotibiwa huko, alikubali kutoa kipande cha ini. Seli zile, alisema, zingali hai na zinaongezeka kila siku. Biashara hiyo nayo inanenepa: kampuni iliyoanza na chumba kimoja sasa ina ghorofa tatu, na wanunuzi wanatoka hata Japani.

Dominique, kaka wa marehemu, akaweka sahani chini. Aliuliza ni nani awezaye kumaliza matanga ya mtu anayeongezeka. Mama Arlette, ambaye mabati ya paa lake yanavuja, alimjibu: «Kama iko muzima, akuye atengeneze manjanja ya nyumba, mvua inakaribia!» Dominique akadai marehemu aulizwe mwenyewe. Maskini Orpha akalazimika kusogeza simu kwenye chupa yenye seli zile. Sote tukatega masikio, hata watoto. Baada ya kitambo Dominique alisema kwamba ndugu yake hakuwa mwepesi wa kujibu tangu zamani.

Wakaniomba niseme neno, maana nusu yao niliwafundisha. Nilisimama, nikatamka kwa ukali kwamba ini si mume. Walinisifu kwa kutopendelea upande. Hata hivyo Dominique aliomba muda wa kufikiri. Mbuzi akaliwa, nguo nyeusi ikabaki.

Sasa nikuambie wewe peke yako. Kola ile ni ya suti, na suti ni ya harusi. Mama Arlette alikwisha kunikubali, kwa sharti kwamba nisifungue kinywa kabla hajavuliwa nguo nyeusi. Basi ndiyo hali yangu, mgane mwenye mvi: namwonea wivu mtu aliye ndani ya chupa, tena yeye anakua na mimi nazeeka.

Familia itakutana tena Jumapili. Msalimie mkeo na wote wa nyumbani. Watakapoamua nitakuandikia siku hiyohiyo. Nawe pigisha suti yako pasi, ila usiseme ni ya nini.

Wako daima,
Mwalimu Jean