Bangili kwenye Mdomo wa Turbo

Mwenzangu, acha ulichoshika usome. Mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Unamjua fundi mkuu wangu, yule anayeniita "wewe wa mapambo". Leo tulikuwa tunachagua bomba la kupeleka hewa kutoka kwenye turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, hadi kwenye intakula inayoipoza. Chombo cha kupimia hakionekani. Nikavua bangili, nikaiweka kwenye mdomo wa turbo, ikakaa sawasawa. Nikasema bomba liwe upana huu huu.

Gereji nzima ikaangua kicheko. Yeye akafunga bomba nene la inchi tatu. "Hewa inataka nafasi," akasema.

Mwenye gari akaenda kulijaribu, akarudi amenuna. "Nakanyaga mafuta, nasubiri, nasubiri, ndipo gari linakumbuka kwenda."

Nikauliza, "Si lazima hewa ijaze kwanza hilo bomba lote, nene kama pipa?"

Fundi mkuu akaja hadi kwangu, macho kwenye viatu vyake.

"Dada, niazime ile bangili."

Dada. Mimi. Dada.

Akapima, akafunga bomba jembamba, gari likaondoka kama limechomwa sindano.

Na bangili hajarudisha. Ameitundika kwenye msumari katikati ya spana zake, na ametangaza hakuna kuigusa bila kuniuliza mimi.