Sekela na Punje Mia za Maharage

Tukuyu,
Jumapili

Kaka yangu Rahim,

Shikamoo, na amani iwe juu yako na wote wa hapo Tanga. Wifi anaendeleaje na mguu? Mimi mzima, ila mvua ya huku hainipi nafasi ya kuanika hata leso.

Kazi uliyonitafutia katika chuo cha kompyuta naipenda, ingawa bado niko kwenye miezi ya majaribio. Wanafunzi ni kumi na mmoja. Mkubwa wao ni Sekela, mama wa Igogwe anayefanya usafi hospitalini. Ameahidiwa kuhamia masjala akifaulu mtihani wetu.

Nilitunga mtihani wa kubadili namba za besi ya nane, zinazohesabiwa kwa mafungu ya nane badala ya kumi, ziwe za besi ya kumi na sita. Majibu niliyatoa kwenye programu ya kukokotoa kwa kuandika amri. Wanafunzi walizifuata amri zangu wakapata kama mimi, isipokuwa Sekela, aliyekokotoa kwa mkono akafeli. Kesho yake alikuja na maharage. Alihesabu punje mia, ambazo kwa besi ya nane ni 144, namba ya swali la kwanza, akazigawa kumi na sita kumi na sita. Yakatoka mafungu sita, zikabaki punje nne. Akasema jibu ni 64, siyo 72 yangu. Nikamwambia maharage ni ya kupika na mashine haikosei. Wenzake wakacheka. Aliyazoa akaondoka.

Ningekupigia simu, kaka, lakini ungenisamehe kabla sijamaliza. Jioni ile nilirudia. Nikaona kwamba nilikuwa nimeiamuru programu kwanza isome kila namba kwa besi ya nane, ndipo nikaandika itoe majibu kwa besi ya 16. Nayo ikaisoma hata hiyo 16 kwa besi ya nane, yaani kumi na nne, ikazigawa zile mia kumi na nne kumi na nne: mafungu saba, zikabaki mbili. Kosa lilikuwa langu. Nikanyamaza siku nne, nikiogopea kibarua changu na jina lako. Naona aibu hata kuliandika hili.

Ijumaa nililisema darasani, kisha kwa mkuu wetu, Mwalimu Fred. Sekela amefaulu, na kesho anaanza masjala. Aliomba tu wenzake wasionewe, wapewe mtihani mwingine.

Kama nitabaki kazini, Mwalimu Fred hajaamua. Atakupigia. Tafadhali usinitetee, kaka. Safari hii nataka anipime mimi.

Nibusie watoto, na mama mfikishie salamu zangu.

Mdogo wako akupendaye,
Nahla