Namba ya Lenzi ya Baba

Jumanne, 3 Machi 1953

Wateja wawili tu. Wa pili mtoto, kakataa kutulia, picha imeharibika. Kinondoni yote inacheka huko nje, mie na kiporo changu.

Mchana nilipeleka lenzi ya baba kwa Bwana Nasoro, fundi wa saa na kamera mjini, anikazie pete yake iliyolegea. Jina la kiwanda limefutika. Mama aliisugua kwa majivu miaka na miaka kama sufuria. Imebaki namba: 699081. Kiwanda Nasoro anakijua kwa umbo la lenzi, na kitabu chao anacho. Ukimtajia namba, anakutajia mwaka. Kasema hii imetengenezwa vita vya Mjerumani vimekwisha zamani. Nimebisha. Kasema namba haina sababu ya kumdanganya mtu.

Jumatano, 4 Machi

Usingizi haukuja. Baba alikuwa mbeba kamera wa Mjerumani mpima ardhi. Vita vilipoanza akaondoka naye, hakurudi. Nimeshaota ndevu, mgeni akatuletea lenzi hii. Kasema baba alifia vitani, Rufiji, na yeye kaitunza tangu siku ile.

Kama lenzi ni ya baada ya vita, mgeni alidanganya. Baba alikuwa hai. Pengine yu hai. Nina hasira na baba. Na nina furaha, hata aibu kuandika.

Jumapili, 8 Machi

Boko kwa baiskeli. Mama anaishi peke yake kama mie, ila yeye halalamiki. Hata shikamoo haijapoa nikamwaga yote.

Akaendelea kuchagua mchele. Baadaye akauliza kama wazee wa umri wa baba bado wanaona vizuri. Kisha:

"Nipige picha, mwanangu. Tuipeleke Rufiji. Asije akanipita njiani asinijue."

Jumamosi, 14 Machi

Nimeisafisha lenzi kwa mswaki na sabuni, kwa ajili ya picha ya mama kesho. Majivu yaliyoganda yakatoka. Zikajitokeza herufi mbili ndogo, Nr, zile ambazo Wajerumani huziweka mbele ya namba. Zilikuwa mwisho wa namba yangu, miguu juu.

Nikaigeuza lenzi. 180669.

Mjinga mie! Kazi yangu ni kutazama watu kichwa chini kwenye kioo cha kamera, halafu sita na tisa zinanishinda. Nikamwahi Nasoro kabla hajafunga. Kafungua kitabu: kabla ya vita. Hakunicheka.

Basi mgeni alisema kweli. Baba amenifia mara ya pili, na safari hii hakuna wa kuja kunipa pole. Nimelia.

Jumapili, 15 Machi

Manyunyu hadi Boko. Nilikwenda kumwambia.

Nimemkuta kavaa kanga mpya, kasuka nywele, kiti keshakitoa barazani. Akauliza akae ubavu au vipi, maana baba yangu alipenda kumtazama ubavu. Nikajifunika kitambaa cheusi. Kwenye kioo, mama kichwa chini, anatabasamu. Sijapata kumwona hivyo. Nikakaa humo mpaka akauliza kama nimelala.

Sikumwambia.

Ametaka picha mbili, moja yake, moja ya Rufiji. Zimetoka safi. Yake nitampelekea Jumapili. Ya Rufiji nimeitundika hapa, ukutani kwangu.