Kibudu cha Jumatatu

Jumatatu, 8 Septemba. Jinja

Ng'ombe tisa kabla ya chai. Kinoo kipya kinafaa, kisu kinapita chenyewe.

Wa kumi alishushwa kwenye lori akiwa amekufa. Nilimgusa jicho mwenyewe. Hakupepesa. Nikasema huyu ni kibudu, haliwi, awekwe kando, nikaenda kunawa. Kurudi, Sadiki amemkata koo na wamemtundika pamoja na wangu. Damu ilidondoka kidogo tu, nyeusi. Eti alikuwa bado anapumua. Miaka kumi na tisa tunachinja pamoja, halafu anidanganye mimi?

Daktari wa mifugo alipofika na mhuri wake, nikamwambia. Wakamchoma yule ng'ombe kwa dizeli nyuma ya ukuta.

Mimi si malaika. Mwaka wangu wa kwanza mbuzi alinifia mikononi kabla kisu hakijamfikia. Niliogopa kufukuzwa, nikamkata hivyo hivyo, akaliwa. Sadiki aliona. Hajawahi kumwambia mtu.

Jumanne, 9 Septemba

Kumbe ng'ombe alikuwa wa meneja mwenyewe. Nimeambiwa na Afande Okot, mwanajeshi mstaafu anayelinda geti. "Bwana, wewe iko na mdomo mingi. Hapa watu nafanya kazi, nanyamaza."

Sadiki amejitetea kwamba macho yalimdanganya. Wamemwamini. Mimi ndiye mbaya.

Alhamisi, 11 Septemba

Kisu changu kimesuguliwa kwenye saruji. Makali yamekuwa meno ya msumeno. Nilitoa salamu, Waislamu sita wamesimama pale, hakuna aliyeitika. Hilo limeniuma kuliko kisu.

Ijumaa, 12 Septemba

Msikitini Bugembe. Maneno yamenitangulia: nakunywa pombe ya waragi, nachinja bila kumtaja Mungu. Uongo mtupu! Sheikh amechukua barua yangu, ile ya msikiti inayoniruhusu kuchinja, mpaka jambo lichunguzwe. Bila barua ile mimi si mchinjaji. Nimebaki mtu mwenye kisu.

Nyumbani Mafubira, Safina akasema, "Ungenyamaza tu, Baba Aisha." Nilimfokea mbele ya watoto. Mke wangu hana kosa. Najuta.

Jumatano, 17 Septemba

Uhamisho. Mbale, kwenye machinjio yao mengine huko Industrial Division. Kuosha matumbo. "Kwa muda," meneja akasema, akiandika kitu kisichohitaji kuandikwa.

Jumamosi, 20 Septemba. Mbale

Matumbo. Samadi hadi viwiko. Sabuni mara tatu na kucha bado zinanuka. Nakula kwa kijiko.

Namchukia Sadiki.

Jumatano, 24 Septemba

Sheikh amepiga simu. Ijumaa niende, nisikilizwe mbele ya wazee. Nikisafika, barua yangu narudishiwa! Nimemwambia Safina anipigie pasi ile kanzu nyeupe. Sinywi, na jina la Mungu sijaliruka hata siku moja. Waniulize wanavyotaka.

Ijumaa, 26 Septemba. Jinja

Baada ya swala. Wazee watano kwenye mkeka, Sadiki nyuma yao. Waliuliza kuhusu waragi, nikajibu. Waliuliza kuhusu Bismillahi, nikajibu. Waliniamini. Mmoja wao alishaanza kunitania kuhusu harufu ya Mbale.

Sadiki akainama, akamnong'oneza Sheikh.

Sheikh akausogeza Msahafu mbele yangu, kwa upole kabisa. "Ndugu Zubairi, tumalize. Weka mkono hapa, utuapie kwamba hujawahi kupitisha kibudu."

Nilimtazama Sadiki. Anatazama mkeka. Miaka yote ile alinifichia, kumbe aliweka akiba. Safari hii hakuhitaji kusema uongo hata mmoja.

Ningeweza kumwambia na yeye aape. Lakini mbuzi yule nilimkata mimi. Mkono haukunyanyuka. Nikasema siwezi.

Yule mzee wa utani alianza kutafuta viatu vyake. Barua imebaki kwa Sheikh.

Safina nimemweleza yote, mpaka mbuzi. Aliikunja kanzu, akairudisha sandukuni.

Jumatatu, 29 Septemba. Mbale

Mvua tangu asubuhi, mlima hauonekani. Ng'ombe saba.

Yahaya, mchinjaji wa hapa, kisu chake kimevunjika mpini. Nikamletea changu. Jana nilikinoa mchana kutwa mpaka meno yote yakaisha, sijui kwa ajili ya nani. Alikijaribu kwenye ukucha, akaniuliza mbona nina kisu kama hiki na sichinji mwenyewe. Nikamwambia nimeacha bomba wazi, maji yanapotea.

Nilimsikia akisema Bismillahi. Kilipita mara moja tu.

Nikaendelea kuosha.