Nyayo Chini ya Mgunga

Wadi al-Jimal, 4 Machi 2008

Mwanangu Hamda,

Salamu zikufike huko Qusair kabla ya lori la maji linalozibeba. U mzima? Mama yako hajambo, ila macho yanazidi kufifia. Mimi ni chuma. Juzi nimemkimbiza swala mpaka akaomba maji.

Wageni wa hifadhi wamejaa. Nimewaonyesha kasa mkubwa kama meza ya hakimu. Mmoja akaniuliza, "Mzee, umesomea wapi?" Nikamwambia, "Darasa la tatu, na aliyefeli ni mwalimu."

Baba yako Karar amekuja tena alfajiri. Nyayo zinatoka mikokoni mpaka kwenye ule mgunga alikotundika furushi lake. Mguu wa kushoto vidole vinne, kama kawaida. Mwaka wa saba huu tangu apotee! Nilipomwambia mama yako, alitabasamu.

Mjomba wako, Saadalla

Qusair, 15 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo, ila silali vizuri. Daktari wa Qena anasema macho ya mama yatapona akipasuliwa kabla ya kiangazi. Mama hataki. "Karar akirudi akute nyumba tupu?" Mjomba, nakuomba, lishushe furushi la baba umpelekee. Akilishika ataelewa kuwa baba harudi.

Binti wa dada yako, Hamda

Wadi al-Jimal, 28 Machi

Hamda,

Salamu, na astaghafirullah! Kilichotundikwa mtini hushushwa na mwenyewe. Hata mwizi wa ngamia hupita akikiamkia. Nikilishusha, nimemzika shemeji yangu kwa mikono yangu.

Njoo ujionee. Au mji umekusahaulisha kusoma mchanga? Mimi nikiona wayo wa ngamia, najua mwenyewe amegombana na mkewe kwa sababu gani.

Mjomba wako

Qusair, 20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimerudi salama kutoka kwenu. Ahsante kwa kahawa ya tangawizi, vikombe vyote vitatu.

Alfajiri ile ya nyayo nilitangulia mtini peke yangu. Baba alikuwa akitembea kama mtu aliyechelewa, hata hakuukumbuka mguu wake wa vidole vinne. Mguu niliouona ulikuwa unafikiri. Kidole kidogo kimekunjwa, na ncha yake imegusa mchanga mara mbili. Kisigino cha kulia kina ule ufa wako unaoupaka mafuta ya kondoo.

Majirani wote wanasoma mchanga, Mjomba. Basi wote wanajua, na wamenyamaza. Mbele ya mama sikusema. Kwa nini unafanya hivi?

Hamda

Wadi al-Jimal, 2 Juni

Hamda, mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi sijui nijiitaje.

Siku aliyopotea nilimwambia baba yako kuna nguva nyuma ya mwamba, ana mtoto, mweupe kama maziwa. Akacheka. "Wewe Saadalla ukiona paka husema chui." Nikamwambia, "Kaangalie basi, mwoga wee!" Akatundika furushi, akavuka juu ya matumbawe, maji yakiwa yamekupwa.

Hakukuwa na nguva. Nilikaa ufukweni nikingoja arudi anitukane. Maji yakajaa, hakurudi.

Nilianza kuzikanyaga zile nyayo ili dada yangu ale. Akala. Pa kuachia sikupaona.

Jana nimelishusha lile furushi. Ndani mna shuka, birika dogo la kahawa, na gauni jekundu alilokununulia wewe ulipokuwa mdogo. Nikampa mama yako, nikamwambia yote. Alilipapasa lile gauni mpaka pindoni.

"Mwaka ule wa kwanza nilikwenda mtini nikazipapasa nyayo," akasema. "Ufa wa kisigino chako naujua tangu utotoni."

"Na kwa nini hukuondoka, dada?"

"Ningeondoka, ungemkanyagia nani?"

Mpokee mama yako, amekubali kupasuliwa. Anapanda lori hili hili alasiri, pamoja na barua yangu.

Asubuhi ya leo nimepita mtini. Upepo ulikuwa umelala. Tawi tupu, mchanga mtupu, Hamda, toka mikokoni mpaka shinani. Nimevua viatu nikasimama mbali, nisiuguse. Nimemngoja shemeji mpaka jua likapanda kichwani.

Mjomba wako