Nani Anakopesha Bila Riba?

Jumatano, 4 Juni

Kikao cha kikundi leo, hapa barazani kwangu. Nimebaki na hasira mpaka chai imepoa.

Wanawake wanane, na waliokuja na rejesho ni wawili tu. Wawili! Utaratibu ni mwepesi, hata mtoto wa darasa la tatu anaushika: kila mwezi natenga kodi ya vyumba vyangu vya uani, namkopesha mmoja, na marejesho ya wenzake yanaongezwa hapo ili apate mtaji wa maana. Riba hakuna. Nilianza baada ya yule mtangazaji wa redio kuniumbua hewani. Nilikuwa nawatandika kausha damu, wakopeshaji wanaobeba godoro la mtu kwa deni la wiki moja. Akaniuliza kwa upole: na wewe, Mwalimu, umemkopesha nani? Basi nikakopesha.

Kinachoniudhi si kukosa tu. Hakuna aliyetoa sababu. Hakuna mtoto mgonjwa, hakuna msiba kijijini. Wamekaa, wamekunywa chai yangu, wanachekeana. Wamenisalimia shikamoo kwa kupiga magoti, hata wale tunaolingana umri. Paskazia, mwenyekiti wao, kaniletea kuku wa kufungwa miguu. Akasema tuko pamoja.

Pamoja wapi? Nimebaki na kuku.

Na zamu ya mwezi huu imemrudia Martina, anayepikia wachimbaji kule kwenye makarasha, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa. Nitampa nini? Kuku?

Alhamisi, 5 Juni

Magesa alikuwa anajua! Mume wangu mwenyewe. Kaisikia saluni anakonyolewa ndevu, na kakaa nayo karibu mwezi mzima.

Eti nagombea. Udiwani wa viti maalumu. Masumbwe nzima inajua isipokuwa mimi.

Akanieleza taratibu, kama mimi ndiye mgeni wa nchi hii. Mwaka wa uchaguzi, mtu anawapa wanawake pesa, hachukui riba, halafu anawakalisha barazani na kuwahutubia kila mwezi. Watu waelewe nini? Na pesa ya mgombea hairudishwi. Kuirudisha ni kumtusi, ni kumwambia kura hapati.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alikuwa anasubiri nimwambie mimi, kwa wakati wangu.

Nimelala kumgeuzia mgongo.

Jumapili, 8 Juni

Nimekosea. Nimeomba nafasi wakati wa matangazo, nikasimama mbele ya kanisa zima, nikasema sigombei, sijawahi kutaka kugombea, na kila mwenye rejesho langu alilete.

Wakapiga makofi.

Nje, mama mmoja wa kwaya kanishika mkono, akaniambia nimeongea vizuri sana, wote huanza hivyo hivyo. Padre naye akanivuta pembeni, akaniambia nyumba ya masista inasubiri bati. Nimesoma historia ya mapinduzi nusu ya dunia. Sikuona popote mtu aliyechaguliwa kwa kukana.

Jumanne, 10 Juni

Nimemfuata Martina kazini. Vumbi la makarasha limeniingia mpaka kwenye meno. Ana turubai moja, mabenchi mawili, jiko la mkaa, na wachimbaji wanaokula kwa zamu huku wanataniana kuhusu nani duara lake, yaani shimo lake, limetoa dhahabu na la nani limetoa maji tu. Mmoja akaniita mheshimiwa. Nikamwambia amalize ugali wake.

Martina hana maneno mengi. Mjane, watoto watatu, rejesho lake halijawahi kuchelewa. Kanieleza mambo yalivyo. Makarasha yanahamishwa mwezi ujao, na wateja wake watatawanyika. Fremu ya duka ya Suresh, muuza vifaa vya ujenzi, pale barabara kuu imebaki wazi. Suresh anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwisho wa mwezi huu. Martina anayo nusu, kaidunduliza tangu mwaka jana. Watu wa kubeti nao wanaitaka fremu hiyo hiyo, na wao wana pesa yote.

Akafuta mikono kwenye kanga, akaniangalia.

"Mwalimu, samahani. Unagombea au hugombei? Mimi sina shida na lolote. Nataka kujua tu kama pesa ipo."

Nikamwambia sigombei na pesa ipo, atapewa tarehe ishirini na tano. Akasema kwamba nikishindwa nimwambie mapema, kwa sababu kuna kijana wa kausha damu keshamuahidi nusu iliyobaki, dhamana ni kiwanja alichoachiwa na marehemu.

Hapo nilipandwa na hasira. Kiwanja! Nimemkataza kabisa, mbele ya wateja wake. Nimeahidi kwa sauti ya mkutanoni. Sasa lazima nikusanye.

Jumamosi, 14 Juni

Nyumba kwa nyumba tangu asubuhi. Miguu imevimba.

Wamenipokea kama askofu. Kila mahali kiti, soda, mtoto anaitwa aje kumwamkia bibi. Nikitaja rejesho, wanacheka kwa adabu. Mageni, muuza dagaa, ndiye pekee aliyejibu wazi. Akasema diwani aliyepo aliwagawia vitenge miaka mitano iliyopita. Je, alirudi kuvidai? Nikasema mimi sikugawa, nilikopesha. Akauliza riba iko wapi. Nikasema hakuna riba kwa sababu riba ni unyonyaji.

"Sasa Mwalimu, nani anakopesha bila riba kama hatafuti kitu?"

Mimi! Makala sijui ngapi nimeandika juu ya riba, na muuza dagaa kaninyamazisha mlangoni kwake.

Paskazia kanisindikiza mpaka njia panda. Ushauri wake: niweke riba, hata ndogo, watu wataamini ni mkopo. Akaongeza kwamba kanionea huruma, mgombea mwenyewe anazunguka juani kutafuta pesa. Nikamwambia si mgombea. Akasema ndiyo, Mwalimu. Akanishukuru kwa Kisukuma: wabeja, Mwalimu.

Jumatatu, 16 Juni

Diwani aliyepo kanipigia simu. Ananiita dada. Kanipongeza kwa moyo wa kusaidia akina mama, halafu kwa sauti ya asali akasema sheria iko wazi: raia akikopesha ni mkopo, mgombea akikopesha ni rushwa. Siku nitakayojaza fomu, kuna watu wa kuzuia rushwa watapenda kujua nimewapa nani na lini.

Nikamwambia sijazi fomu yoyote. Akasema vizuri, dada, basi hatuna tatizo.

Nimemkatia simu. Kwa hasira, si kwa woga. Labda na woga kidogo.

Alhamisi, 19 Juni

Pesa haitoshi. Kodi ya vyumba nimeipata, marejesho ni yale mawili tu. Nimekwenda kwa Suresh kumwomba amsubirie Martina.

Duka la vifaa vya ujenzi, harufu ya rangi na misumari. Suresh kazaliwa hapa hapa, Kisukuma anakiongea kuliko mimi niliyekuja na uhamisho wa ualimu. Kanipa kiti, kanipa chai ya maziwa. Nikaeleza: mama huyu mwaminifu, ana nusu, nyingine italetwa Agosti. Akatikisa kichwa. Wa kubeti wanalipa kesho wakiambiwa.

Halafu akatabasamu. Akasema habari zangu amezisikia. Akaanza kunieleza mtaro ulio mbele ya duka, unavyofurika kila masika, diwani kaambiwa mpaka kachoka kusikia. Mwisho akasema:

"Kwa ajili yako mama, Martina nitamsubiri. Jina lako likirudi tu, nitachukua nusu yake na nyingine atalipa Agosti."

Jina likirudi. Yaani chama kikilipitisha.

Nilifungua mdomo. Nimekana kanisani, nimekana kwa Martina, kwa Paskazia, kwa diwani. Kwa Suresh nikasema: ahsante kwa chai.

Sikudanganya. Naandika hapa, sikudanganya, nilishukuru chai. Fremu itamsubiri Martina. Magesa nimemwambia Suresh ni mtu mwelewa.

Jumatano, 25 Juni

Niandike haraka.

Wamekuja wote wanane. Sare ya kanga mpya! Nikadhani ni ukaidi mwingine, kumbe Paskazia ana bahasha. Akasema marejesho yote yamepatikana, walikuwa wanaona aibu jinsi nilivyozunguka juani. Nilitaka kulia. Kweli kabisa. Nikamtazama Martina nikampa ishara: yametimia.

Ndani ya bahasha hakuna pesa. Kuna fomu.

Wamenichukulia fomu. Wamekwenda ofisi ya chama kwa msafara, wakapigwa picha. Kadi yangu ya tangu chuo cha ualimu, ambayo sijailipia ada tangu mwanangu Edson azaliwe, wameilipia yote. Namba ya kadi kawapa Magesa. Magesa! Pesa nyingine walishaitumia kwenye kanga. Marejesho yote ndiyo hayo, yamevaliwa, yananiimbia.

Nilianza kufoka. Martina akanisogelea, akaongea chini chini ili wenzake wasisikie. Suresh kamwambia habari ya jina kurudi. Aliposikia hivyo, na fomu ikapungukiwa, alitoa nusu ya ile nusu yake. Alijua Suresh atamsubiri. Alijua nimekubali, maana Suresh alimwambia sikukataa.

"Mimi nimeweka ya fremu, Mwalimu. Mwisho wa kurudisha fomu ni leo saa kumi."

Nikijaza, mikopo yangu yote ni rushwa, na diwani ana simu mkononi. Nisipojaza, Suresh anawapa wa kubeti kesho, na Martina hana hata ile nusu. Njia iliyobaki ni kijana wa kausha damu na kiwanja.

Nimewaambia naingia chumbani kutafuta miwani. Fomu ninayo hapa, juu ya daftari hili. Inauliza jina kamili, umri, uzoefu wa uongozi. Barazani wamefika kwenye ubeti wenye jina langu. Magesa anaitikia, nasikia sauti yake nzito.

Jina nimejaza. Jina tu, bado si kitu.

Martina anagonga mlango. Anauliza kama miwani imeonekana.

Ninayo usoni.