Kitabu Nisichoweza Kukisoma

Jumatatu, 7 Machi 2005

Nimepata! Nimepata! Ngoja niandike taratibu.

Asubuhi Mzee Theonest, bosi wetu hapa ofisi ya Ngara mjini, kaniita. Nikadhani ni zile ripoti za chakula nilizochapa ovyo. Kumbe la. Bernardo, fundi wetu wa kompyuta, anahamishiwa Kasulu. Shirika letu la kuhudumia wakimbizi halitaki kuleta fundi mwingine toka Mwanza, litasomesha watu wake. Wawili. Wa ofisini ni mimi, Domisiana, karani wa kuchapa! Wa kambini ni Clarisse, yule Mrundi anayesimamia chumba cha kompyuta pale kambi ya wakimbizi ya Lukole. Mwisho wa Mei twende Mwanza tukafanye mtihani wa ufundi wa kompyuta, ule wa kimataifa unaoitwa A+. Nikifaulu, kiti cha Bernardo changu. Clarisse akifaulu anapata cheti cha kuondoka nacho siku atakayorudi kwao. Nikifeli — ripoti za chakula mpaka nizeeke.

Sharti ni moja. Ofisi itanunua kitabu kimoja tu, cha wote wawili. Tukichague wenyewe, jibu alipate kabla ya Pasaka.

Nikamweleza mama. Akauliza huo mtihani ni wa kuandika kwa mashine au wa kuitengeneza. Wa kuitengeneza, mama. Alicheka mpaka akashika mlango. Ati mimi, niliyeshindwa kukaza bawaba ya banda la mbuzi! Ahsante mama.

Jumatano, 9 Machi

Bernardo kaniachia kitabu chake cha zamani. Cha Kiingereza. Hakina jalada, sura za mwisho zimeliwa na mchwa. Mwenyewe kasema: dada, hiki cha mwaka tisini na nane, mtihani umeshabadilika, kianzie tu, usikitegemee.

Nimesoma na kamusi pembeni. Kuna mahali wanaeleza "bus". Ukurasa mzima nawaza abiria na kondakta. Kumbe ni njia zinazopitisha data ndani ya mashine!

Mchana nikaenda pale kwenye intaneti ya mjini. Ukurasa mmoja unafunguka kwa muda wa kumenya ndizi za chakula cha mchana. Lakini nimekiona ninachokitaka: kipya, cha Kiingereza, picha kila mahali, maswali kila mwisho wa sura. Hicho hicho. Sioni cha kujadili.

Jumamosi, 12 Machi

Kuna cha kujadili.

Nimepanda gari la ofisi mpaka Lukole. Clarisse nilikuwa namfahamu kwa salamu tu. Leo nimemjua. Sauti kama ya mtu wa mnadani, anacheka kwanza ndipo anasema kinachochekesha. Mtoto wake wa kwanza anaitwa Irakoze, kwa hiyo namwita Mama Irakoze. Karibu, amahoro, kaa hapa. Halafu — hataki kitabu changu! Yeye anataka cha Kifaransa. Kinauzwa Kigali, anakijua, aliwahi kukishika mikononi.

Nikamwambia mtihani ni wa Kiingereza. Akasema najua. Nikamwambia mimi Kifaransa sijui hata neno. Akasema najua pia. "Mimi Kiingereza nakisoma kama mtu anayetembea na kiatu kimoja," kasema. "Nitafika, lakini sitakumbuka njia." Na mimi je, nisiye na kiatu hata kimoja cha Kifaransa?

Kanipakulia ugali wa muhogo na maharage. Nimekula nimenuna. Nikaongezewa, nikala nimenuna vilevile.

Jumatano, 16 Machi

Nilisindikiza mizigo ya ofisi Biharamulo. Tukasimama Lusahunga, pale malori ya mpaka wa Rusumo yanapolala. Kuna duka la redio na kaseti, mwenyewe anaitwa Fideli. Nikamtajia mtihani kwa utani tu. Akainama chini ya meza, akatoka na CD! Maswali ya A+ na majibu yake, yote. Ati dereva wa lori ndiye aliyemletea. "Yanatoka vilevile, dada. Hata herufi hazibadiliki."

Dereva wetu kaguna. Kasema huo ni wizi wa mtihani. Nimesikia. Nimenunua.

Jumamosi, 19 Machi

Clarisse kaiona CD, kapiga vigelegele, jirani wakaja kuuliza nani kajifungua. Ugomvi wa kitabu umekwisha! Kitabu cha nini tena?

Tumekariri mchana kutwa. Ishirini na saba B, ishirini na nane D. Tumeyatilia mpaka wimbo, tunapiga makofi. Manirakiza, mume wake, ni seremala, mtu wa maneno machache. Alikuwa nje anapiga randa. Akasimama mlangoni: "Shemeji, hiyo D ni D ya nini?"

Tukatazamana. Hatukujua. Tulicheka mpaka tukatoka machozi.

Jumanne, 22 Machi

Jamani siku ya leo!

Bernardo kaondoka juzi. Leo asubuhi mashine yenye majina ya msafara wa kurudi Burundi ikagoma. Giza kwenye kioo, halafu inalia — biip, biip, biip, inanyamaza, inaanza tena. Malori yanatoka kesho alfajiri. Bila majina hakuna anayepanda, na watu wameshabomoa vibanda vyao, wamekaa juu ya magodoro. Mzee Theonest alinitazama tu. Nikaomba Clarisse aletwe upesi.

Kafika, kasikiliza, uso ukang'aa. "Hili lipo kwenye CD! Mashine inalia hivi! Jibu ni C!"

Ni C kweli. Hata mimi nakumbuka ni C. Tukasimama mbele ya mashine na C yetu. C ni kifaa gani? Kiko wapi humu ndani? Hatukuwahi kusoma maneno yaliyo mbele ya ile herufi. Mzee akauliza, "Kwa hiyo?" Nilitamani sakafu inimeze.

Nikakimbilia kitabu cha Bernardo. Mchwa wamekihurumia mahali pamoja: jedwali la milio. Nikasoma kwa Kiingereza changu: memory. Nikadhani ile hadi diski, inayotunza kila kitu, imekufa, majina yamepotea yote. Nikaanza kulia, kweli nililia. Clarisse akanishika bega. Hakusema Kiswahili, alisema Kirundi, na mimi Mhangaza, ambaye lugha yetu ni ndugu yake, Kirundi nakisikia kama cha nyumbani. Akasema: sikiliza, hadi diski ni ikigega, ghala la mtama. Memory ni urutaro, ungo. Unachota ghalani, unamimina kwenye ungo, unapepeta. Umeme ukikatika ungo unamwagika, lakini ghala lipo palepale. Hapa kinacholia ni ungo. Mtama wetu haujaguswa.

Nikaelewa! Pale pale, kama mtu kafungua dirisha. Kule chuoni Bujumbura alisoma haya kabla vita haijawakimbiza, kwa hiyo memory aliijua kwa sura. Tukavichomoa vibao vyake viwili, tukasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, tukarudisha mpaka ikalia kak! Nikabonyeza. Ikawaka. Majina yakatoka moja baada ya jingine. Mlinzi kapiga makofi, Clarisse kacheza ofisini na ndala zake.

Nimekaa nawaza. Leo nimeelewa kuliko wiki mbili nzima za kamusi.

Alhamisi Kuu, 24 Machi

Nimempa Mzee jibu. Cha Kifaransa.

Kavua miwani. "Domisiana, unajua Kifaransa?"

"Bonjour, Mzee."

"Halafu?"

"Basi."

Nikamweleza. Kitabu cha Kiingereza nitakikariri, nitakuwa na C nyingine tena. Cha Kifaransa Clarisse atakielewa, atanieleza kwa Kirundi, na nikielezwa hivyo mimi nasikia. Maneno ya Kiingereza ya mtihani nitamfundisha yeye kwa kile cha Bernardo. Mzee kavaa miwani tena. Kasema akili yangu haijui, lakini mashine aliiona ikiwaka. Kasaini.

Nikampa Clarisse habari kwa redio ya upepo. Alipiga kelele, na chaneli hiyo wanaisikiliza madereva wote wa shirika. Walinitania mpaka jioni: bonjour, bonjour.

CD ya Fideli mama kaitundika kwenye mtama. Inafukuza ndege vizuri sana.

Ijumaa, 15 Aprili

Kimefika kwa njia ya Rusumo! Kizito kama tofali. Nimekifungua ofisini mbele ya watu, nikageuza kurasa kwa heshima, siambulii kitu. Picha nzuri lakini. Karani wa stoo kaniuliza kinasemaje. Nikamwambia kinasema usiguse.

Jumatano na Jumamosi ndizo siku zetu. Anasoma kimyakimya, midomo inacheza, halafu anafunga jicho moja na kunieleza. Prosesa ni ubwonko, ubongo. Feni ni mke anayempulizia mume mwenye hasira. Mimi namwambia kwa Kiingereza inaitwaje. Anasema "ze memory", "ze printer". Namsahihisha, anasema ndivyo alivyosema.

Jumapili, 1 Mei

Baada ya misa nilipata lifti mpaka kambini nimpelekee ndizi. Clarisse hakuwepo. Manirakiza alikuwepo, anapanga mbao na kuzifunga kamba. Nikauliza mbao za nini. Akakaza fundo kwanza.

Ameandikisha familia. Wanarudi Muyinga, kwao Burundi. Watu waliotangulia wamemwambia shamba lao bado lipo wazi, akichelewa atakuta limeshagawiwa wengine. Msafara wao ni Alhamisi tarehe 19. Mtihani ni Jumanne tarehe 24!

"Alishindwa kukuambia, shemeji. Kila Jumamosi anasema leo nitamwambia."

Nilirudi bila kumsubiri. Nyumbani nikakifungua kitabu. Kurasa zote zile. Nimechagua mwenyewe, sina wa kumlaumu. Mama kaniuliza mbona sili.

Jumatano, 4 Mei

Nilikwenda na maneno makali tayari mdomoni. Clarisse kaanza yeye kulia, maneno yangu yakapotea. Watu wanarudi kwao, kwao! Nilitaka aseme hapana? Nilitaka, ndiyo. Aibu.

Manirakiza akaingia na redio kaseti yake, ile anayosikilizia habari za kwao. Akaiweka juu ya kitabu. "Shemeji, chukua sauti yake."

Sikumwelewa mara moja. Halafu nikamwelewa. Tukaanza hapo hapo, sura ya kwanza. Clarisse anasoma Kifaransa kimoyomoyo, anabonyeza, anasema Kirundi. Kuku wanasikika. Irakoze anasikika anadai uji, na mama yake anamjibu "subiri, niko kwenye ubwonko".

Jumatano, 11 Mei

Nyumbani tunasikiliza kaseti wakati wa kumenya maharage. Mama sasa anajua. Leo jirani kasema kompyuta ya parokia imekufa, mama kamuuliza: inalia au hailii? Kama inalia ni ungo! Mama yangu!

Jumatatu, 16 Mei

Tumejaribu maswali ya kitabu cha Bernardo na mengine niliyoyatoa kwenye intaneti. Nimekosa machache. Clarisse kakosa machache kuliko mimi, tena kwa Kiingereza. "Ze viatu viwili," kasema.

Hiyo ndiyo inayouma. Angefaulu. Angefika Muyinga na cheti.

Manirakiza alitusikia. Kasema: mimi nitatangulia na watoto, wewe nenda Mwanza, utapanda msafara unaofuata. Clarisse alikunja khanga, akaikunjua, akaikunja. Tatizo ni kadi ya ukimbizi. Familia ni kadi moja, ikifutwa kambini imefutwa yote. Akibaki atabaki kama nani? Na kibali cha kwenda Mwanza atapewa mtu asiye na kadi? Na watoto awaache, wadogo vile?

Nikamwendea Mzee Theonest. Shikamoo, marahaba, nikamwaga yote. Kasema hajawahi kusikia ombi la namna hii. Kasema atauliza.

Jumatano, 18 Mei

Naandika nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa kambi. Mzee Theonest yuko ndani. Yuko ndani tangu tumefika. Malori ya kesho yameshapangwa, kuna watu wanapakia milango na mabati, mtu mmoja kambeba jogoo kichwani, watoto wanakimbizana chini ya magurudumu na kufukuzwa.

Clarisse yuko kando yangu. Miguuni ana mabegi mawili. Moja kalipanga kwa Muyinga, nguo za watoto na sufuria. Jingine dogo, la Mwanza. Nimemuuliza alilala na lipi karibu. Kacheka tu. Manirakiza yupo mbele yetu na watoto, hajaketi, anawachongea kijiti.

Imebaki sura ya mwisho, ya printa. Anairekodi hapa hapa, kaseti mapajani. Nikitazama mlango ananikanyaga. Ati usitazame, andika: karatasi ikikwama usivute kwa nguvu, fuata njia iliyoingilia. Sauti yake imekauka. Anarudia sentensi hiyo hiyo, hajui kwamba anarudia.

Mlango unafunguka. Mzee anatoka, mkuu wa kambi nyuma yake. Siwezi kusoma sura zao. Mkuu wa kambi anapiga miayo! Manirakiza kaacha kijiti. Clarisse bado anaongea na kaseti, macho kwenye kitabu, kidole kimetulia mstari mmoja.

Mzee kafika. Kamwinamia.

"Mama Irakoze," kasema, "kibali kipo. Begi lako ni lipi?"

Clarisse hajabonyeza kuzima. Kasimama. Anayatazama yote mawili, na Irakoze kaja kushika khanga yake —